Swali Ambalo Mkwe Haulizi

Mimi na mama mkwe wangu tulikuwa tunaheshimiana mpaka inachosha. Akiingia sebuleni, nasimama. Nikikohoa, yeye anageukia ukutani. Miaka yote ya ndoa yangu tumeongea habari za mvua na afya za watu wengine, basi. Halafu madaktari wakamtoa uvimbe wa saratani kwenye utumbo, akaja kuuguzwa kwangu, na hospitali ikatuwekea programu kwenye simu.

Programu yenyewe niliipenda kuliko hata cherehani yangu, na mimi ni fundi nguo. Kila asubuhi inauliza maswali. Ukishajibu, nesi kule hospitali anaona papo hapo, na simu inawaka kijani, njano au nyekundu. Mke wangu ndiye aliyekuwa akiijaza na mama yake. Siku hiyo aliwahi kazini, akaniachia mimi.

"Ni maswali tu," alisema. "Ila usijibu kwa kubahatisha!"

Mama alikuwa kitandani, shuka mpaka kidevuni. Maumivu? Yapo kidogo. Homa? Hakuna. Kidonda alikipiga picha mwenyewe, mimi nikiwa nimegeukia kabati. Kisha likaja swali lililofuata: "Je, tangu jana umetoa ushuzi?"

Jasho likanitoka. Hilo ni swali la kumuuliza mtu aliyekuzalia mke? Nikajaribu kuliruka, simu ikagoma. Nikaizima na kuiwasha, likarudi lilelile. Kidole kikaanza kwenda kwenye "Ndiyo" ili nimalize zangu. Nani angejua? Lakini jicho likaangukia kwenye shuka. Tumbo la mama lilikuwa limetuna, limekaza. Nikaogopa.

"Kuna nini, mkwe?"

"Mtandao, mama. Unasumbua."

Hapo ndipo nilipoona alama ya spika pembeni ya swali. Kumbe hii kitu inasoma! Nikaibonyeza, nikaiweka simu kwenye kigoda karibu naye, nikatoka mbio hadi uani. Sauti nilikuwa nimeipandisha mpaka mwisho. Mtaa mzima ukasikia mama mkwe wangu akiulizwa. Kisha nikamsikia akijibu polepole, "Hapana," na simu ikalia. Alikuwa amebonyeza mwenyewe.

Nyekundu!

Kabla sijaingia chumbani, nesi alishapiga kwa video. Akataka kuliona tumbo. Nikamshikia simu, na safari hii sikugeukia kabati.

"Umetapika, mama?"

"Hapana."

"Vizuri. Huo utumbo umelala, ndiyo maana ushuzi hautoki. Tujaribu kuuamsha. Usile kitu, piga mafunda madogo ya maji, na utembee. Ukitapika au maumivu yakizidi, njooni hapo hapo. Na ikifika saa sita ushuzi bado haujatoka, mje vilevile. Daktari nimeshamwambia. Huenda akalazimika kulifungua tumbo tena."

Mama alinitazama mimi. "Mkwe, usikubali wanipasue tena. Sitaamka."

Nikaagiza teksi ije saa sita, nikampa mkono. Akasita kidogo, kisha akaushika. Tukatembea kutoka kwenye cherehani hadi kwenye tangi la maji, tukarudi, tukaenda tena. Mwanzoni tuliongea habari za mvua. Baadaye akaanza kunieleza alivyonikataa nilipokuja kuposa.

"Nilisema huyu fundi ana mdomo, atamchosha mtoto wangu."

"Na sasa unasemaje, mama?"

"Nasema vilevile."

Nikaangua kicheko, naye akacheka huku akijishika tumbo. "Usinichekeshe wewe, mshono!"

Teksi ikapiga honi. Bado hakuna kitu. Nikabeba mkoba wake. Tulipofika mlangoni akasimama, akanikaza mkono.

"Ngoja."

Ukatoka. Mrefu, wa nguvu, hata dereva akazima redio.

"Mama!" nikapiga kelele.

"Bonyeza!" naye akapiga kelele. "Bonyeza, unangoja nini?"

Nikabonyeza, nikakosea, nikabonyeza tena. Nesi akatokea kwenye kioo cha simu anapiga makofi, na nyuma yake sauti ya daktari ikiuliza, "Umetoka? Kweli?" Wakamhoji mama, wakalitazama tumbo tena, wakasema tubaki nyumbani na tuwasiliane kila baada ya saa chache. Nilirukaruka pale mlangoni kama nimepagawa. Dereva akatupigia honi nyingine, ya pongezi.

Kesho yake asubuhi tumbo lilikuwa laini, na simu ikalia kama kawaida. Nikabonyeza spika, nikaiweka kwenye kigoda, nikaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" mama akaita. "Zima hilo lisauti lake. Kaa hapa, mwanangu, uniulize wewe."

Nikaiondoa simu kwenye kigoda, nikakaa, nikamuuliza.