Nyaya za Pete ya Kijani

Pampu ya dharura iligoma kuwaka katika jaribio la kawaida, kinu cha nyuklia kikiwa kimezimwa kwa matengenezo na pampu nyingine zikiendelea na kazi, kwa hiyo hakuna aliyeumia wala aliyekimbia. Mtu alibonyeza swichi, pampu ikanyamaza. Akabonyeza tena, ikaendelea kunyamaza. Nilitumwa mimi kufungua kabati lake la umeme, na ndani nikakuta waya mmoja umechomoka kwenye kiungio chake, unaning'inia. Shingoni ulikuwa na pete ya plastiki ya kijani. Kwenye kituo chetu, kijani ni rangi ya baba yangu.

Mafundi waliofunga umeme kituo cha Puerto Almada kilipojengwa walikuwa watu wa majivuno. Kila mmoja alikuwa na rangi yake, na kila waya alioubana kwenye kiungio aliuvisha kipete cha rangi hiyo, ili miaka ikipita watu wajue nani alifunga pale. Baba yangu, Ovidio Ferreyra, alikuwa kijani. Aldo Pascuzzi, rafiki yake wa kufa na kuzikana, ambaye ndiye aliyenisimamia ubatizo, alikuwa manjano. Pamoja na rangi kulikuwa na adabu yake: waya wa mwenzako huuvuti kuona kama umeshika. Kuuvuta ilikuwa sawa na kumtukania mama. Wanaume wazima, wamekabidhiwa nyuklia, wanaona haya kuvuta waya. Nimefanya kazi na warithi wao miaka mingi na jambo hilo bado linanikera.

Kiungio chenyewe ni kitu kidogo, kama kifuniko cha kalamu, cha shaba. Unaingiza nyuzi za waya ndani, unakibana kwa koleo. Koleo za siku hizi hazikuachii mpaka umebana hadi mwisho, lakini zile za zamani zilitegemea nguvu za kiganja tu. Ukibana nusunusu, kwa nje hakuna atakayejua. Waya utakaa humo, utapitisha umeme, utamdanganya kila mtu, mpaka siku mtetemo wa pampu utakapouchomoa.

Bosi wetu, injinia Larrañaga, aliagiza nyaya zote za kijani zikaguliwe. Tulipewa kazi hiyo mimi na wenzangu wa karakana, na siku nzima walinitania. Mmoja aliuliza kama mzee wangu alikuwa anabana kwa meno. Mwingine akasema labda alikuwa anabana kwa maombi. Nilicheka nao, maana ukinuna karakanani kwetu umekwisha, lakini moyoni nilikuwa naumia. Nilikulia katika nyumba ambamo hakuna kiti kilichowahi kulegea mguu.

Kadiri nilivyovuta, ndivyo nilivyochanganyikiwa. Kwenye makabati mengi nyaya za kijani zilishika hivi kwamba nilizivuta kwa mikono miwili, mguu nimeukaza ukutani, na hazikusogea. Kisha katika kabati la pampu na mengine machache ya karibu nalo, zilitoka kwa vidole viwili kama nyuzi za sindano. Alama za koleo zenyewe zilitofautiana. Zilizoshika zilikuwa na alama ya kina, katikati kabisa. Zilizochomoka zilikuwa na alama hafifu, nyingine mbilimbili, kama mtu aliyeanza, akateleza, akaanza tena. Rangi ilikuwa moja, lakini mikono ilikuwa ya watu wawili. Nilimwonyesha Larrañaga. Akasema fundi yeyote huwa na siku mbaya, na kwamba mwenye rangi yuko hai, tumuulize.

Baba aliitwa. Alikuja amevaa koti lake la kuendea kanisani, akakaa, akapewa vile viungio mkononi. Alivitazama muda mrefu. Kisha akasema ni kazi yake, alikuwa kijana mwenye haraka, anaomba radhi. Larrañaga alimshukuru kwa heshima zote, akampeleka mwenyewe mpaka getini. Kwake mambo yalikuwa yamenyooka: mkosaji amepatikana, rangi yake inajulikana, nyaya za kijani zilizochomoka zinafungwa upya, Jumatatu kinu kinawashwa.

Hapo ndipo damu iliponichemka, maana nilijua kitu kimoja ambacho Larrañaga hakuwa na sababu ya kukijua: baba angebeba kosa la mtu mmoja tu, Aldo. Pampu za dharura ni mbili. Kinu hata ukikizima hubaki na joto lake, na umeme wa nje ukikatika ni hizo mbili tu za kukipoza. Ya kwanza ilifungwa kwa pete za kijani. Ya pili imejaa manjano kutoka juu hadi chini, na kabati lake halikuwa katika mpango wa kufunguliwa. Kama ile mikono mibovu ilikuwa ya baba, pampu ya pili ni salama. Kama haikuwa yake, tunawasha kinu Jumatatu huku pampu ya pili ikiwa sanamu.

Jumapili nilimkuta jikoni anakanda unga wa tambi. Ana miaka ya kuwa babu mara kadhaa, lakini chupa yoyote inayonishinda mimi na mume wangu huwa tunampelekea yeye. Nilimwambia koleo haijawahi kumteleza maishani. Aliendelea kukanda. Nikamwambia kuhusu pampu ya pili. Akaacha kukanda.

"Aldo amekufa, Nerea," alisema. "Mwache apumzike."

"Simsumbui yeye, baba. Nakusumbua wewe."

"Jina lake liko juu ya mlango wenu."

Ni kweli lilikuwepo. Aldo alipoacha koleo, alihamishiwa kufundisha, na nusu ya mafundi wa kituo walipita kwake. Baada ya mazishi tulipigilia kibao chenye jina lake juu ya mlango wa karakana, nami nilishika ngazi. Tulichokumbuka zaidi ni neno alilotuambia kila siku, kinyume na adabu zote za wazee wale: vuta kila waya, hata kama ni wangu. Tuliona ni unyenyekevu. Tulimpigia makofi kwa hilo siku ya kuaga.

Basi baba akasema, taratibu, macho kwenye unga. Kiangazi cha mwisho cha ujenzi mikono ya Aldo ilianza kutetemeka. Haikuwa pombe, ilikuwa ugonjwa uliokuja kumlaza baadaye, ila wakati ule hakuna aliyeujua. Mkaguzi mmoja wa kutoka mji mkuu, mtu asiyejua adabu zao, akavuta waya wa manjano, ukatoka. Aldo akaambiwa ukitoka mwingine aende nyumbani. Mkaguzi yule za kijani hakuzigusa tena, maana alizivuta mwanzoni akachoka. Ndipo baba akampa Aldo mfuko wa pete zake za kijani.

Nilimuuliza kuhusu nyaya ambazo Aldo alizifunga kabla ya mkaguzi kuja, wakati mikono imeshaanza na pete bado ni za manjano. Akasema hajui ni zipi. Nikamuuliza kama alizifikiria, hata mara moja, katika miaka yote hiyo. Akarudi kukanda. Nilimpenda sana baba yangu dakika ile, na nilitamani kumtupia ule unga usoni.

"Kinu kinawashwa kesho," nilisema. "Usiposema wewe asubuhi, nasema mimi."

Alinawa mikono. Alisema kabla ya injinia kuna mtu anayepaswa kusikia kwanza.

Hebe, mjane wa Aldo, anakaa mtaa wa pili, nyumba yenye kizingiti chekundu. Kila Jumapili baba hupita kwake kunywa yerba, chai yetu ya majani machungu, na Hebe alipotuona wawili hakuuliza kitu, alitoa kiti cha tatu. Aliijaza maji ya moto ile yerba kibuyuni, akatia mrija, akampa baba. Baba alinyonya mpaka kibuyu kikakoroma, akakirudisha. Akapewa tena baada yangu. Walizungumza habari za mvua, za paka wa jirani, za bei ya nyama. Kibuyu kilizunguka mpaka yerba ikapoteza ladha, na mzee bado hajafikia popote. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimsaidie.

"Shemeji," Hebe alisema, "umekuja kuniambia habari za mikono ya Aldo."

Baba alitazama viatu vyake.

"Kiangazi chote kile nilikuwa namfunga vifungo vya shati. Mlidhani nani alikuwa anamfunga?"

Baba akasema alitaka kumwokolea kazi. Alisema hivyo kwa sauti ndogo sana, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Kazi ulimwokolea," Hebe alisema. "Usingizi ukamnyima. Mji huu umeme ukikatika tu, anakaa kitandani wima, anasikiliza upande wa kituo. Mpaka taa zirudi. Miaka yote hiyo, shemeji, mpaka anakufa. Ungemwacha afukuzwe tungekula viazi, lakini angelala."

Hakulia wala hakupandisha sauti. Aliimwaga yerba iliyochuja kwenye ndoo, akakifuta kibuyu kwa kitambaa. Baba alitaja kile kibao cha mlangoni, kwamba pengine kitaondolewa. Hebe akasema kibao tulikipigilia wenyewe, marehemu hakukiomba, tukikitoa tumletee, kwani ana rafu moja jikoni isiyo na ubao. Kisha akanigeukia mimi, akaniuliza hizo nyaya nyingine nimeshazivuta au bado. Nikasema bado.

"Sasa umekaa hapa unafanya nini?" alisema.

Jumatatu baba alikuwa getini kabla ya mabasi ya wafanyakazi. Alimweleza Larrañaga yote akiwa amesimama, kofia mkononi. Larrañaga ni mtu mwenye kucha safi na simu tatu, na nilitegemea atafoka. Hakufoka. Alifuta uwashaji kwa simu moja, akavaa glavu, akateremka nami hadi kwenye pampu ya pili. Baba hakuruhusiwa kuingia, kwa sababu kibali chake kiliisha alipostaafu. Alibaki kwenye benchi la walinzi.

Nilivuta waya wa kwanza wa manjano, ukashika. Wa pili ukashika. Niliendelea kushuka safu kwa safu, na kila uliposhika nilipata aibu kidogo, nikifikiri nimemtoa mzee wa watu nyumbani na kumuumbua marehemu bure. Nilipofika safu za chini, ambako fundi hulazimika kuinama na kubana koleo kwa mkono mmoja, nikavuta, na waya ukanifuata bila ubishi. Unaofuata ukanifuata. Larrañaga akanyoosha mkono, akavuta mmoja mwenyewe, akabaki nao katikati ya vidole, kipete cha manjano kikiwa bado shingoni. Aliuliza hii pampu ilijaribiwa lini mara ya mwisho. Nikamwambia mwezi uliopita, na iliwaka.

Kinu kilibaki kimezimwa kwa muda mrefu, na magazeti yakaandika yalivyotaka. Amri ilikuja kutoka juu: kila kiungio chenye pete ya kijani au ya manjano kikatwe, kizima na kibovu, kwa kuwa kwa kutazama rangi hakuna anayeweza tena kuapa ni kazi ya nani. Nilimweleza Larrañaga kwamba viungio vingi vya kijani ni imara kuliko tunavyofunga leo. Akasema anajua, na akaniomba nisimwambie mara ya pili. Tulikata. Kazi yote ya baba yangu, ujana wake wote, ilijaa ndoo baada ya ndoo, imechanganyika na ile ya rafiki yake.

Kibao bado kiko juu ya mlango. Watu walibishana wiki nzima, kisha wakachoka kubishana. Adabu ya kutovuta waya wa mwenzako imekufa, na anayetaka kunikumbushia uzuri wake huwa namwelekeza kwenye ndoo.

Baba aliniomba kitu kimoja tu, nimletee kiungio kimoja cha kijani. Haikuruhusiwa, na nilimletea, baada ya kupimwa kwamba hakina mionzi. Alikaa nacho kizingitini. Alikigeuzageuza, akatafuta alama ya koleo kwa ukucha, akaiona ni ya kina na iko katikati. Kisha akashika kiungio kwa mkono mmoja na kipande cha waya kwa mwingine, akavuta. Akavuta mpaka mishipa ya shingo ikamtoka na mikono yake, ile mikono, ikaanza kutetemeka. Waya haukutoka.

"Huu ni wangu," alisema.

Nilimwambia najua, baba. Akaniuliza nyingine zilizo kama huu tumezipeleka wapi, nami nikamwambia: kwenye ndoo, pamoja na za Aldo.