Huwezi Kuipigia Kura Nchi Yako

Jumamosi ya shindano la nyimbo la Ulaya, Deolinda Falcão aliegesha basi la manjano la kijiji cha Rüdlikon, Uswisi, saa kumi na mbili na dakika nne jioni, akafuta usukani, akaenda nyumbani mbiombio kukaanga kababu za samaki. Alikuwa ameliendesha basi hilo miaka ishirini na miwili, tangu atoke Ureno, na alichelewa siku moja tu, ng'ombe walipolala barabarani. Siku hiyo aliwaomba radhi wanakijiji wote kwa barua aliyoiandika kwa mkono.

Vreni Hürlimann wa ghorofa ya tatu alikuwa amekwisha kufika na jibini lake la kuyeyusha. Alikuwa mjane wa miaka sabini na mbili, na ndiye aliyetunza ratiba ya chumba cha kufulia, kwa hiyo alikuwa mkubwa wa jengo zima. Kwa ajili ya shindano alibandika tangazo mlangoni: kelele zinaruhusiwa mpaka mshindi atangazwe. Chini aliweka sahihi, na muhuri aliouchonga mwenyewe kwa kiazi.

Kesho yake kijiji kilikuwa na kura ya jambo moja tu: wageni waliokaa Rüdlikon miaka kumi na zaidi wapewe haki ya kupiga kura za kijiji, au wasipewe. Wageni wenyewe, bila shaka, hawakuulizwa. Deolinda hakuwa ametamani kitu maishani kama alivyotamani hicho. Miaka yote hiyo alikuwa akiiona bahasha ya kijivu ya kura ikiingia kwenye kila sanduku la barua la jengo na kuliruka lake.

"Kesho panda basi la saa nne, nikufikishe ukapige kura," alimwambia Vreni.

"Nilishatuma kwa posta, mwenzangu. Mimi si wa kungoja dakika ya mwisho. Hebu ongeza sauti, zamu yetu hiyo."

Uswisi walikuwa wa kumi na nne. Msichana mwenye koti la rangi ya fedha alipanda jukwaani na baragumu la milimani refu kuliko sebule ya Deolinda, akaimba habari za lifti iliyokwama. Kiitikio chake kilikuwa "Juu, juu, bado juu", na jengo zima lilikiitikia kupitia kuta. Vreni alipanda juu ya sofa na viatu vyake, kosa ambalo mwingine angeandikiwa notisi. Deolinda alicheza mpaka mbavu zikamwuma, na kababu mbili zikaungua, na hakujali.

Simu za kupigia kura nyimbo zilipofunguliwa, akapiga na kubonyeza kumi na nne. Sauti ya kike, ya upole, ikamjibu: "Samahani. Huwezi kuipigia kura nchi yako."

Deolinda akapunguza televisheni.

"Vreni, umesikia inavyosema?"

"Ni kanuni. Ukiwa hapa huwezi kupigia hapa."

"Inasema nchi yangu."

"Sasa ulitaka iseme ya nani?"

Akapiga tena. Akapiga mara ishirini, mwisho wa zinazoruhusiwa kwa simu moja, ili tu amsikie yule mwanamke akimwambia. Kila mara alicheka, na ya ishirini akalia kidogo, akajifuta kwa kitambaa cha vyombo. Uswisi ikawa ya tatu, na furaha yake haikupungua hata chembe.

Kura zile ishirini zilizokataliwa hazikuwa na pa kwenda, kwa hiyo zilikwenda kwenye sanduku la kura la Rüdlikon. Bwana Zgraggen, mkuu wa wahesabu kura, alipolifungua saa tano asubuhi ya Jumapili, alizikuta juu ya nyingine zote, zina joto la mkate wa asubuhi. Zilikuwa zimeandikwa NDIYO kwa mwandiko wa Deolinda, ambao kila mtu aliujua tangu barua ya ng'ombe. Kila iliyokunjuliwa iliimba. Bwana Zgraggen alifungua kitabu cha kanuni, akaona hakisemi lolote kuhusu kuimba, akampigia simu Deolinda mwenyewe.

Deolinda alifika ofisi ya kijiji huku akihema. Uwanjani watu walikuwa wakiitikia "bado juu" chini ya madirisha. Ubaoni paliandikwa Hapana 412, Ndiyo 401, na kura ishirini zilikuwa pembeni peke yake, zinaimba.

"Mia nne ishirini na moja," Deolinda alisema. "Tumeshinda."

"Ni kura nzuri sana, Bi Falcão," Bwana Zgraggen alisema, na alimaanisha. "Zimekunjwa vizuri kuliko zote. Ila ni za mtu asiye na haki ya kupiga kura."

"Simu imeniambia hii ni nchi yangu. Mara ishirini."

"Kwa upande wa nyimbo, ndiyo."

Basi la saa sita na dakika nne liliondoka kwa wakati. Vreni alikaa kiti cha nyuma ya dereva, akamgusa bega.

"Usinielewe vibaya, Deolinda. Mimi nilipiga hapana. Lakini si kwa ajili yako wewe. Nilikuwa nawafikiria wale wageni wengine."

"Wengine gani?"

Vreni alifikiri vituo vitatu. Kisha akashuka kituo chao, akasema ahsante, kama kawaida.

Kura zilizobatilika huwekwa ghala la chini la ofisi ya kijiji. Zile ishirini ziliendelea kuimba humo, na bendi ya kijiji ikaenda kujifunza wimbo mlangoni.

Mwezi wa Novemba Deolinda alikuta bahasha ya kijivu kwenye sanduku lake. Aliifungua palepale ngazini. Ilikuwa barua ya Bwana Zgraggen. Alimtakia afya njema, akamwarifu kwamba Jumapili ijayo kijiji kitapiga kura kuamua kama basi la Jumapili liendelee au lifutwe. Mara ya mwisho wahesabu walipotewa na hesabu mara mbili kwa sababu ya kuimba, kwa hiyo alimwomba, kama angetuma kura tena, achague wimbo wa taratibu.

Deolinda aliisoma mara mbili, akaibandika kwenye jokofu. Jumapili aliwasha basi mapema kidogo, maana siku za kura abiria huwa wengi.