Harusi ya Simu Yangu na Sikio la Shangazi

Usiku wa kuamkia leo niliota simu yangu inaolewa na kifaa cha kusikia cha Shangazi Mize.

Jioni tulikuwa tumehangaika kuviunganisha, tukashindwa. Shangazi ndiye aliyenilea. Masikio yake yalipofifia aliacha kuimba jikoni, kwa kuwa hakuisikia tena sauti yake. Kifaa alichopewa hospitali kinarekebishwa kwa simu, na simu kila mara iliandika: Imeshindwa kuoanisha.

Sasa, ndotoni, simu imekaa mkekani, imenuna.

"Unabonyeza tu, oanisha, oanisha," inaniambia. "Kwani mimi sina kwetu? Posa iko wapi?"

Naiomba radhi. Kifaa, kidogo kama korosho, kinakohoa na kueleza kwamba kimekuja kujiposea chenyewe, hakina ndugu.

"Basi inabidi nionekane kwa vifaa vyote vilivyo karibu," inasema simu, na kuvua kava. Pasi na feni vinageukia ukutani kwa adabu.

Ukuta wenyewe unaondoka. Tuko katikati ya uwanja wa mpira, majukwaa yamejaa redio. Bwana Ruta, kile kisanduku chetu cha intaneti chenye antena mbili, anakuja kufungisha ndoa. Amechelewa, anasema, mtandao ulikuwa unasumbua.

"Nenosiri?" ananiuliza.

Namsomea tarakimu zilizobandikwa mgongoni kwake.

"Hizo ni namba, Faki, na kila mgeni anazisoma. Mimi nataka neno la siri. Ambalo hujawahi kumwambia shangazi yako."

Nainama, nakinong'oneza kifaa:

"Shangazi, ulipokuwa ukiimba, nilisimama nje ya mlango wa jiko nikijifanya nafunga viatu. Natamani uimbe tena."

Bwana Ruta anawaka kijani. "Imekubali," anasema. Pasi inapiga vigelegele, mvuke unatufunika sote.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshatoka. Jikoni mtu alikuwa anaimba, sauti inakwaruza kidogo, kama inajaribu njia ya zamani. Nikanyata hadi mlangoni, nikasimama nje.

Shangazi alikuwa anageuza chapati, kifaa kiko sikioni. Hakutazama nyuma.

"Ingia ndani, Faki," alisema. "Viatu gani hivyo miaka yote haviishi kufungwa?"

Nikatazama chini. Nilikuwa pekupeku.