Seva Sitini na Ufunguo Mmoja

Mkuu wa idara hakupenda kumfukuza mtu kwa mdomo wake mwenyewe. Kazi hiyo alimpa mpwa wa mfukuzwa, asubuhi, huku akikoroga chai.

"Andika programu ya Java," alimwambia binti. "Iingie kwa SSH, ile njia ya kuingia kwa mbali, kwenye seva zetu zote sitini, ifute ufunguo wa siri anaoingilia mjomba wako. Ikimaliza, cheo chake ni chako."

Mjomba huyo ndiye aliyemfundisha kazi, tena ndiye aliyemwombea ajira baada ya mama yake binti kumpigia simu. Binti aliona haya, naam, haya ya dakika mbili. Kisha akaanza kuandika. Shukrani ya punda ni mateke, na huyu alikuwa amekwisha kuinua mguu.

Lakini programu ilikwama kwenye seva ya kwanza. Alihangaika nayo hadi saa tano, na aliyejua dawa yake ni mmoja tu. Akamwendea bila soni.

"Mjomba, njoo unitazamie. Nimekwama."

Mjomba akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari. Alipofika penye jina lake aliligusa kwa kidole, akaendelea.

"Programu yako haizijui hizi seva, ndiyo maana inakataa kuunganisha," alisema. "Ipe orodha ya seva za kuamini." Akamwandikia mwenyewe, akainuka. "Haya mama, iendeshe."

Binti akaiendesha. Seva zikajibu moja baada ya moja: umefutwa, umefutwa, mara sitini. Alikenua meno yote.

Mkuu akajaribu kuingia. Akakataliwa. Akajaribu binti, akakataliwa. Hapo ndipo walipokumbuka uvivu wao: hakuna aliyewahi kujitengenezea ufunguo wake. Idara nzima, mkuu akiwemo, iliingia kwa ule wa mjomba, na hata programu yenyewe iliingia kwa huohuo.

"Umetuua!" mkuu alimfokea binti. "Usipozifungua leo, kesho usije!"

Binti alimkimbilia mjomba, akamkuta akifunga mkoba wake.

"Mjomba, uliona kwamba tutajifungia nje?"

"Niliona."

"Na hukuniambia? Nisaidie basi, nitafukuzwa!"

Mjomba akamtazama kwa upole uliomtisha binti kuliko makofi.

"Nimeshakusaidia leo, mwanangu. Ukifika nyumbani, mwambie mama yako asinipigie simu tena."

Akatoka, akaurudishia mlango taratibu.