Sahani ya Jumapili

Asikiaye la mkuu huvunjika guu. Kalolaine aliwasikia wakuu wote wa Tonga walipomwambia ale, na sukari ikamkata mguu. Hata hivyo, baada ya ibada, alimjazia mkaza mwanawe, Telesia, sahani ya magimbi na nyama ya kopo iliyoogelea kwenye tui.

"Kula, mwanangu. Mko wawili."

Telesia alikuwa mnene, mwenye mimba ya miezi saba. Kliniki ilimwonya kwamba sukari ikipanda tena, mtoto yu hatarini. Akaisukuma sahani, akajipakulia samaki na mboga.

"Unaniaibisha mbele ya mchungaji. Muombe radhi."

Mchungaji alikuwa anakula sahani yake ya tatu.

"Mama, aibu yako haimuui mwanangu, sukari ndiyo inaua. Siombi radhi."