Sinia Mbele ya Jicho

Vumbi lilicheza ndani ya mwale wa jua uliopenya tundu la bati, likipanda, likishuka, bila haraka wala haya, na fundi akalitazama kwa shari. Leo hakutaka kitu kicheze ndani ya gereji yake. Leo alikuwa akilinyoosha gari jicho.

Gari lenyewe lilikuwa la mama yake. Nyuma ya nembo ya mbele lilikuwa na rada, jicho linalopima umbali wa gari lililotangulia, ili hili lipunguze mwendo lenyewe. Tangu bampa libadilishwe, jicho lilipata makengeza, likawa linashika breki kwa kuogopa magari ya njia ya jirani.

Na mama, mwenye mtoto wa jicho, alikuwa ameapa kutolipanda mpaka lipone. "Mimi sioni, gari halioni. Nani atampeleka mwenziwe kwa daktari?"

Upasuaji ulikuwa saa nane mchana. Miadi ya kwanza ilikufa kwa mafua, ya pili kwa kuku aliyekuwa akiatamia.

Basi fundi akapima. Akajaza tairi upepo, akatoa mizigo yote kwenye buti, hata mwavuli. Akashusha timazi kwenye pua ya gari, akapiga mstari wa chaki, akasimamisha bamba la chuma ambalo jicho lingelitazama, lijue mbele ni wapi. Akalala kifudifudi, akainuka, akalala tena. Sakafu sawa, tairi sawa, bamba sawa.

Akabonyeza mashine ya kulipimia jicho. Ikikubali hukaa kimya, ikikataa hulia. Ikalia.

"Chai, mwanangu." Mama alikuwa amesimama kando ya bamba, sinia la chuma mikononi.

Akanywa, akapima upya. Sakafu sawa, tairi sawa, bamba sawa. Mashine ikalia.

"Karanga, mwanangu."

Ee jicho, fundi akalilalamikia, nimekukosea nini? Nimekupigia magoti kuliko nilivyompigia mtu yeyote! Sakafu sawa, tairi sawa, bamba sawa. Ikalia.

"Maji ya baridi, mwanangu."

Hapo ndipo fundi alipoinua kichwa, akaona sinia linavyong'aa kushinda bamba.

"Mama! Kumbe ni sinia! Jicho linaona vyuma viwili!"

"Najua," mama akasema. "Masikio yangu hayana ukungu. Nikisogea hapa tu, kidude chako kinalia. Ile ya chai ilikuwa bahati, hizi nyingine makusudi."

Fundi alitaka kufoka, akataka kucheka. Kisha akasikia glasi ikigongagonga juu ya sinia.

"Naogopa, mwanangu. Kisu, tena jichoni!"

Maskini mama. Tangu asubuhi fundi alikuwa amepima kila kitu, asimuulize hata mara moja ana nini. Alilitoa sinia nje, akamkalisha kwenye kigoda nyuma yake, akamshika mkono.

"Sikiliza wewe mwenyewe. Kikilia, tunabaki nyumbani. Kikinyamaza, twende."

Akabonyeza. Wakangoja, mkono ndani ya mkono. Kimya.

"Kidude hakina huruma," mama akasema. "Haya, nitafutie viatu."

Siku ya tatu, bandeji imetoka, mama alisimama mlangoni pa gereji. Mwale ulikuwa palepale, vumbi likipanda, likishuka, likimeta chembe kwa chembe. Alilitazama kwa muda mrefu, na fundi akajifuta machozi kwa mkono wenye grisi.

"Mwanangu," mama akasema taratibu, "hivi humu ulifagia lini?"