Maji Kabla ya Mwezi

Mawingu ya Karnal hayana adabu. Wiki nzima anga jeupe, halafu jioni ya Karva Chauth, wake za watu wamefunga tangu alfajiri bila hata tone la maji ili waume zao waishi maisha marefu, ndipo yanakuja kujazana mahali mwezi unapotokea.

Tulikuwa juu ya paa, wanawake wa mtaa mzima, sari nyekundu, hina mikononi, kila mmoja na chekeche lake la kuutazamia mwezi kabla ya kufungua. Mimi ni mjane, sina wa kumfungia. Mchana nilikula, tena nikashiba. Nilipanda kwa ajili ya Reenu, mke wa mwanangu, mwenye mimba ya miezi saba na kichwa kigumu sijapata kuona.

"Mama, mtoto hachezi," akaninong'oneza.

"Tangu lini?"

"Tangu mchana."

Nikamtazama vizuri. Midomo yake ilikuwa imepasuka. Daktari alimkataza kufunga, nami nilimkataza, lakini wapi!

"Wajawazito wanaruhusiwa, we Reenu," akasema Sudesh, jirani yetu. "Kunywa, bwana."

"Naveen yuko njiani."

Basi, jibu lake lilikuwa hilo tu. Mwanangu alikuwa anashuka na lori kutoka Manali, huko milimani, mvua imeporomosha mlima, na simu yake haipatikani tangu asubuhi.

Nikamshika Reenu mabega, nikamgeuza. "Ule pale! Umetoka!"

Nyuma ya mawingu palikuwa na mwanga wa manjano. Akainua chekeche, akachungulia, kisha akalishusha.

"Hiyo ni taa ya kiwanda cha sukari, Mama."

Mchana uleule Sudesh alikuwa ametusimulia hadithi ya kila mwaka, ya malkia aliyefunga. Kaka zake walimhurumia, wakawasha moto nyuma ya mti, wakamwambia ndio mwezi. Akala, na mumewe akaanguka akafa palepale.

"Unanifanyia walivyomfanyia malkia?" Reenu akasema. "Unataka nimuue mwanao?"

Hapo hasira zikanipanda.

"Nisikilize vizuri. Mimi nilifunga kila mwaka niliokuwa mke wa mtu. Hakuna aliyenidanganya, mwezi niliuona kwa macho haya. Na mwaka wa mwisho baba yake Naveen alikufa wiki ileile niliyofunga, hina bado iko mikononi mwangu!"

"Dada Kamlesh!" Sudesh akajiziba mdomo. "Usiseme hayo leo!"

"Nisiseme leo niseme lini? Tukishamzika mjukuu wangu?"

Msidhani nilikuwa jasiri. Nilikuwa naogopa. Nani ajuaye? Pengine bila zile funga mume wangu angekufa mapema zaidi. Na mwana ninaye huyo mmoja tu. Nikajaza maji kwenye glasi, nusu yakanimwagikia.

Reenu aliitazama ile glasi. "Na Naveen akifa?"

"Akifa nimemuua mimi. Fungua mdomo."

Akanywa. Akanywa huku analia, nikamjazia tena, akamaliza. Nikamlaza kwenye mkeka, mkono wangu tumboni mwake. Hakuna kitu. Tukangoja, hakuna. Nilishaanza kumwita dereva wa mtaa atupeleke hospitali pale kisigino kidogo kiliposukuma kiganja changu, tena kwa nguvu. Reenu akacheka na kulia kwa pamoja. Mimi sikucheka, maana mjukuu nilikuwa nimempata na sasa nilibaki na hofu ya baba yake.

Simu yangu ikaita. Namba ngeni. Nani hupiga kwa namba ngeni, mwanao akiwa njiani milimani, kama si polisi? Sikuipokea. Reenu akaninyang'anya.

"Halo? ... Naveen! Simu yako iko wapi, wewe?" Akasikiliza. Uso ukambadilika. "Ndiyo, nimekunywa. Kabla ya mwezi." Akanitazama. "Mama ndiye amenipa."

Nikafumba macho, nikingoja matusi au kimya.

"Mama," Reenu akasema, "njia ilifungwa, na milimani hakuna mtandao. Anasema kutwa nzima amekuwa akitafuta simu ya kukupigia, akuombe uninyweshe maji kwa nguvu."

Nikakaa chini kwenye saruji, nikalia kwa sauti mbele ya mtaa mzima.